Ufuta wa Ruangwa mpaka Qingdao: nilivyokuwa naandika njiani

Jumapili, Mbagala hadi Ruangwa

Basi limetoka Rangi Tatu kumekucha, siti yangu ya dirishani upande wa jua, na dereva kapiga singeli mpaka Kibiti ndo mama mmoja wa nyuma akamwambia mwanangu tupumzishe masikio. Naenda Ruangwa kufuata ufuta. Kampuni yetu ndogo tu, tumepata oda ya kontena mbili za futi 20 kwenda Qingdao, China, na mwenzangu anayekwendaga siku zote mke wake kajifungua kwa hiyo zamu imeniangukia mimi. Nimeona niwe naandika kila jioni maana watu wananiulizaga sana hii biashara ya kupeleka mazao China ikoje, ukiwaelezea kwa mdomo wanasikia neno dola tu, mengine yote yanapita.

Kwa kifupi China ndo mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani. Wanalima wenyewe lakini hautoshi, wanakamua mafuta, wanausaga unakuwa rojo la kuchanganyia tambi na kuchovyea nyama, kwa hiyo wanazunguka Afrika nzima kuutafuta, Sudan, Ethiopia, Niger, Togo, Msumbiji na sisi. Na toka tarehe 1 Desemba 2024 mizigo yetu yote inaingia kwao bila ushuru wa forodha, walifuta kwa bidhaa zote za nchi zile zinazohesabiwa maskini zaidi zenye ubalozi nao na sisi tumo. Basi mitandaoni kila mtu akawa eksipota. Ushuru ukiondoka unamsaidia anayelipia kule bandarini kwake, yaani mnunuzi, wewe huku kinachokuhusu ni ufuta msafi na makaratasi yanayofanana, na hayo mawili hakuna nchi itakayokufutia.

Tumevuka daraja la Mkapa pale Rufiji, Somanga bado unaona alama za mvua za 2024 na kile kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano mwaka ule, barabara ilikatika huku kusini ikawa haiendeki. Nangurukuru tumekula wali samaki. Ruangwa nimefika jua limeshazama, gesti ipo, maji ya ndoo, hamna shida.

Jumatatu, mnada

Mnada umefanyikia kijijini kwenye ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, watu wamekaa chini ya mwembe na wengine juu ya pikipiki zao. Mkulima analeta ufuta wake AMCOS, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu. Chama kikuu cha huku ni RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada wanunuzi tunaweka bei kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, kwa kompyuta, popote ulipo, halafu bei zinasomwa hadharani wakulima wenyewe waseme wanauza au hawauzi. Kwa hiyo mimi ningeweza kuweka bei nikiwa Kariakoo nakunywa kahawa, ila ufuta huwezi kuuona kwenye skrini.

Bei ya juu ikasomwa, elfu mbili na mia kadhaa kwa kilo, watu wakaguna ile mguno wa pamoja. Mzee mmoja mwenye kofia akasimama akasema, "Hebu tuelezeni, hao Wachina wameacha kula?" Kicheko. Afisa akajibu kwamba ni soko la dunia, jibu ambalo halina kosa na halina msaada.

Walipokubali kuuza (haikuwa rahisi, kuna waliosema turudishe magunia nyumbani) nikamfuata yule mzee. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamwambia Wachina wanakula vile vile, ila wauzaji tumekuwa wengi. Pakistan siku hizi wamelima sana ufuta na wako jirani na China. Halafu Novemba 2024 Brazil nao wamesaini makubaliano ya kuuza ufuta China, na Mbrazili akilima analima kwa mashine, shamba moja kama wilaya. Mzee akafikiri akaniuliza, hao wa Brazil wanavuna kwa mkono? Nikasema hapana. Akasema basi bei haitarudi. Kisha akahamia kwenye habari za timu ya Namungo, hapo ndo nilipotambua kwamba mnada umeisha maana kila mtu alikuwa na maoni.

Jumanne, ghalani

Leo ndo kazi yenyewe. Kijana wa ghala ana bambo, kile kichuma cha bomba chenye ncha, anachoma gunia pembeni, anainamisha, ufuta unatiririka kwenye kiganja kisha anachomoa na kulisugua lile tundu kwa kidole ili nyuzi za salfeti zirudi zikutane. Anafanya haraka huwezi kumfuata kwa macho. Nimemwomba achome katikati na chini, asichome juu peke yake, akanitazama kama mtu aliyefumaniwa akacheka, "Boss wewe wa wapi?"

Wachache wanajua kwamba gunia la juu linaongea vizuri kuliko la chini. Tumechukua kutoka magunia mengi, tukachanganya kwenye sinia, nikapima gramu mia kwa mizani yangu ndogo ya dukani, nikapitisha kwenye chekeche. Uchafu uliokuwemo: mchanga, vipande vya maganda, vijiwe vyeusi saizi ile ile ya punje (hivi ndo vibaya, chekeche haliviwezi), na mbegu ya magugu moja moja. Nikapima tena. Mafungu mengine yalikuwa vizuri kabisa, mengine yamezidi asilimia mbili.

Mkataba wetu unasema uchafu usizidi asilimia moja. Sasa piga hesabu mwenyewe, kontena moja la futi 20 tunapakia tani 19, asilimia mbili ya hapo ni kilo 380 za mchanga. Unaununua mchanga kwa bei ya ufuta, unaulipia ushuru wa halmashauri, unaulipia lori mpaka Dar, unafika unaulipia mashine iutoe. Halafu watu wanauliza mbona wanunuzi tunaweka bei ndogo.

Jumatano, shambani

Tukisubiri malipo ya benki yasome nimepanda bodaboda kwenda kwa mkulima mmoja, mama wa makamo, ndugu wa yule kijana wa bambo. Nilitaka kuona mchanga unaingilia wapi.

Ufuta unakatwa kabla haujapasuka, ukichelewa vitumba vinafunguka na punje zinamwagika zote chini. Unafungwa matita, matita yanasimamishwa yameegemeana yakauke juani. Yakishakauka vitumba vinafunguka juu, hapo unachukua tita unalipindua kichwa chini unalikung'uta na kulipigapiga na fimbo, punje zinanyesha. Zinanyesha juu ya nini, ndo suala lote lilipo. Huyu mama ana turubai moja, la bluu, limechanika kona, wanapokezana na majirani. Zamu yake ikiwa haijafika na mawingu yamejikusanya, anakung'utia kwenye ardhi aliyoifagia na kuikandika. Nikainama nikaona, ardhi imefagiliwa vizuri sana imelainika, lakini ni ardhi.

Nikamuuliza, mama, AMCOS hawalipi zaidi kwa ule wa kwenye turubai? Akasema unachanganywa wote. Nikanyamaza hapo maana sikuwa na la kumwambia. Mimi naona hii ndo sehemu iliyooza kwenye mnyororo mzima, siyo China, siyo bandari. Bei moja kwa safi na chafu, nani atanunua turubai? Ukipanga madaraja mawili tu hapo kijijini, safi na la kuchekecha, na tofauti ya bei mkulima akaiona kwenye malipo yake, msimu mmoja hautaisha turubai zitakuwa zimeisha madukani.

Amenipa karanga za kuchemsha. Karanga na huku ni hadithi ndefu, maana Nachingwea hapo jirani ndiko Waingereza walikuja baada ya vita kuu ya pili na mpango wao wa karanga, matrekta, reli, mpaka bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, mafuta ya karanga yaende kwao Uingereza. 1951 wakafunga virago, pauni zaidi ya milioni 30 zimepotea, udongo na mvua vimewashinda. Huyu mama kwa jembe la mkono anapeleka mbegu za mafuta ng'ambo kila mwaka.

Alhamisi

Malipo yamesoma, kibali cha kutoa mzigo kimetoka. Tumepakia semi moja na Fuso moja. Makuli wamebeba kwa wimbo. Sina zaidi, nimechoka.

Ijumaa, njiani

Nimepanda na dereva wa semi. Mtu wa Newala, anajua kila kona ya hii barabara na kila mama ntilie kwa jina. Mizani tumepita salama. Mvua imetukuta na turubai la semi lilikuwa zuri namshukuru Mungu, maana ufuta ukilowa kidogo unavunda ndani ya salfeti na huoni mpaka ufungue.

Kanipigia hesabu ya mafuta, matairi, posho, nikaona anachobakiwa nacho mwenye gari ni kidogo kuliko nilivyodhani. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani: "Hii meli inayopeleka China nani anailipa?" Nikamjibu mnunuzi. "Na bima?" Mnunuzi. "Sasa nyie mnauza mpaka wapi?" Mpaka kwenye meli kaka, pale pale Dar.

Hiyo ndo FOB. Unamkabidhi mzigo bandarini kwako, nauli ya bahari na bima anatafuta yeye, kwa kampuni za kwao. Karibu sote wadogo tunauza hivyo kwa sababu ni rahisi kulala. Lakini ukitazama vizuri, safari ya ufuta ina bidhaa moja na huduma nyingi, na huduma zile za hela ya kigeni tumewaachia wanunuzi. Kichekesho ni kwamba mzigo unaoingia nchini sheria inataka ukatiwe bima na kampuni za hapa hapa, unaotoka ndo tunauacha.

Jumatatu, Dar

Mashine ya kusafishia iko Vingunguti, tunakodi kwa tani. Ufuta unapanda kwenye ndoo za mkanda, feni inapuliza maganda, chekeche zinatikisa, halafu ile meza ya mtetemo inatoa vijiwe, vinapanda kwa juu na ufuta unashuka, ukiangalia dakika tano unasahau umekuja kufanya nini. Mzigo umepungua kama tulivyotegemea, na kule mwisho kuna kilima cha taka ambacho watoto wa mtaani walishaanza kukichekecha wapate ufuta uliopotea. Wanaupata pia.

Umefungwa upya kwenye mifuko mipya ya kilo 50, mifuko 380 kila kontena. Sampuli imekwenda maabara: unyevu, mafuta, asidi, uchafu. Umepita. Wajapani wangekuwa ndo wateja ningekuwa na presha zaidi, wao dawa ya shambani ambayo hawajaipangia kiwango wanataka isizidi sehemu 0.01 kwa milioni, yaani jirani akipulizia korosho upepo ukaja kwako umekwisha.

Jumanne hadi Ijumaa, makaratasi

Naunganisha siku maana zimefanana. Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, mkaguzi amekuja mwenyewe kuona mzigo. Cheti cha uasili (kwamba mzigo ni wa Tanzania) kutoka TCCIA, chemba ya biashara, bila hiki hamna ushuru sifuri, mteja angenirudishia bili. Kontena zimekaguliwa hazina tundu (unaingia ndani, unafungiwa mlango, ukiona mwanga hata wa sindano unalikataa), zikatandikwa karatasi nzito ukutani na vifuko vya kunyonya unyevu vikaning'inizwa, maana meli ikitoka joto la huku na kupita baridi ya usiku baharini paa la kontena linatoa jasho, linadondokea mifuko. Vidonge vya kuua wadudu vikawekwa, mlango ukafungwa, lakiri, kibandiko cha fuvu la kichwa nje.

Uzito nao. Toka Julai 2016 meli haipakii kontena ambalo uzito wake haujathibitishwa, kwa hiyo linapimwa lenyewe na kilichomo.

Alhamisi jioni wakala wetu wa forodha katuma rasimu ya BL, ile hati ya mzigo ya meli, na kilo za kontena la pili hazifanani na zilizoko kwenye cheti cha mimea. Tofauti ya gunia moja! Mtu kaandika kutoka kichwani. Ukiona kitu kidogo kama hicho usiseme kitapita, kule forodha ya China hawabishani na wewe, wanasimamisha tu kontena, na kila siku inayosimama kuna bili ya kuhifadhi na bili ya kontena lenyewe. Dada wa pale ofisini kwa wakala nilimpigia mpaka saa nne usiku, akasema kaka tulia kesho asubuhi, na kweli Ijumaa saa tatu imerekebishwa kabla meli haijafunga. Halafu tukatuma nakala ya BL kwa mteja, naye hapo ndo analipa asilimia 70 iliyobaki, 30 alishatanguliza. Karatasi halisi zinapitia benki.

Kampuni yetu pia lazima iwe kwenye orodha ya forodha ya China, wanaita GACC, walibana hii toka mwanzo wa 2022. Kuna watu wanapata mteja kwanza ndo wanaanza kujisajili. Anza na usajili, mteja utampata tu.

Agosti. Jumapili, Guangzhou kisha Qingdao

Meli imechukua wiki kadhaa na imebadilishiwa njiani, imefika. Mteja ametualika, zamu imeniangukia tena na safari hii sikulalamika. Ndege ya Air Tanzania inatua Guangzhou moja kwa moja. Nimekutana na Watanzania kibao wa Kariakoo wanaokuja kufunga mizigo, nguo, vipuri, simu, wote tunapishana hapo na mimi ndo pekee niliyekuja kuuza. Mmoja kaniuliza unauza nini kaka, nikasema ufuta, akasema huku? Kana kwamba nimesema nauza Wachina.

Qingdao jioni, joto, na ni msimu wa tamasha lao la bia kwa hiyo hoteli zimepanda. Ukilipa kitu chochote ni simu tu, noti yangu ya mia mama wa duka ameigeuza geuza akaita mtoto.

Jumatatu, Huangdao

Bandari iko ng'ambo ya ghuba, tumepita handaki la chini ya bahari. Ghala la mteja nilitegemea la kifahari, ni bati na sakafu ya saruji kama la Vingunguti ila refu huoni mwisho. Magunia yamepangwa kwa nchi: Togo, Niger, Sudan, Ethiopia, Msumbiji, na huko pembeni sisi. Vumbi lile lile.

Wametoa sampuli mbele yangu. Mwanamke mmoja wa makamo, hasemi, kamwaga kwenye sahani nyeupe, kasambaza kwa kadi ya benki, kachukua punje na kuitafuna kwa meno ya mbele, kanusa, kaandika. Uchafu asilimia 0.8. Mteja akaguna vizuri. Kisha akanipeleka rundo la jirani (sitataja la nchi gani) akachota akanipa kiganjani, mchanga unausikia kabla hujauona. Akasema kupitia mkalimani, huyu mwakani simchukui, na wewe mwakani nakuongezea.

Baada ya chakula (tambi zenye rojo la ufuta, tamu, ila kijiti kimenishinda nimeomba kijiko) nikamuuliza la dereva wa semi. Nauli ya meli unalipaje? Hakuficha. Ana mkataba wa mwaka na kampuni ya meli, anajaza kontena kutoka bandari tano za Afrika, bei yake mimi na kontena zangu mbili siwezi kuikaribia. Bima vile vile. Nikamwambia tukiungana wauzaji wanne watano wa Dar tukapeleka kontena ishirini kwa mwezi? Akacheka akasema basi nipe bei ya mpaka Qingdao nitailinganisha na yangu, mimi sina ugomvi na nani analipa meli, nataka iliyo ndogo.

Nikamuuliza pia habari ya kumuuzia ulioondolewa maganda au mafuta kabisa, maana nyumbani kila mkutano lazima mtu asimame aseme tuongeze thamani. Akasema mafuta ladha ya watu wake anaijua yeye, anavyokaanga kabla ya kukamua ni siri ya kiwanda. Ulioondolewa maganda anaweza kuuchukua, lakini hapo unahitaji maji mengi masafi, kukausha kwa haraka, na usajili mwingine. Mimi kwa maoni yangu bado hatujafika huko, turubai kwanza.

Jumanne

Tumesaini kontena nne za msimu unaofuata, uchafu usizidi asilimia moja, na nyongeza ndogo kwa kila tani itakayokuwa chini ya nusu asilimia. Hicho kipengele nimekipigania asubuhi nzima. Nikirudi nataka nimpelekee mwenyekiti wa ile AMCOS kikiwa kimeandikwa, kwamba ufuta wa kwenye turubai ukitengwa ghalani una pesa yake, tuone kama watakubali kutenga.

Kuhusu meli, nimewaandikia wenzangu watatu wa Dar usiku huu, kule bado ni mchana. Wawili wamejibu wako tayari, wa tatu anataka kujua nani atashika akaunti. Wakala wa mizigo ameahidi bei ya kontena ishirini kabla ya Ijumaa, na mteja amesema ataisubiri mpaka Jumatatu, baada ya hapo anaandika FOB kama kawaida.